Sauti Aliyoitupa Mlezi

Asubuhi ile Lusungu Nyenza aligeuza kichwa mara thelathini na moja, na kila alipogeuza, Leokadia Mhema aliweka alama ya vema kwenye kishikwambi chake. Mtoto aligeukia kengele ndogo. Aligeukia karatasi iliyokunjwakunjwa nyuma ya kisogo chake. Aligeukia mnong'ono uliotoka kwenye kona ya chumba, na alipoitwa kwa jina aliinua mikono yote miwili akasema, "Mimi hapa," kwa ufasaha ambao watoto wengi wa miaka miwili na miezi minne hawana, hata wale waliozaliwa wakisikia.

Leokadia alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye kliniki ile ya masikio mjini Mafinga, na furaha za namna hiyo alishajifunza kuzifurahia kimyakimya. Alikuwa anafunga vifaa vyake pale baba wa mtoto alipouliza kama naye angeweza kujaribu.

Isdori Nyenza alikuwa hajawahi kufika kliniki. Siku zote Lusungu aliletwa na mama yake, Edina, lakini wiki ile Edina alikuwa na zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha chai. Isdori alikuwa mtu mrefu, dereva wa malori ya mbao, mwenye makovu ya moto yaliyoanzia chini ya sikio yakateremka hadi ndani ya kola ya shati. Miezi michache kabla Lusungu hajazaliwa alikwenda na wenzake kuzima moto uliokuwa ukila msitu wa misonobari, akavuta moshi na hewa ya moto mpaka koo likaungua. Alipona, ila sauti yake haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama gunia la viazi linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji.

Alisimama nyuma ya binti yake akamwita. Lusungu aliendelea kupanga vibao vyake. Akamwita tena, kisha mara ya tatu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mtoto aliweka kibao cha njano juu ya cha bluu. Isdori akamgusa bega, na hapo Lusungu akageuka, akamwona, akamchekea.

"Huwa hivi," Isdori alisema.

Hakulisema kwa kulalamika. Alieleza kwamba mke wake anadhani mtoto anaogopa makovu, na kwamba yeye mwenyewe alishaamua kuwa wapo tu watoto wa mama. Nyumbani alikuwa ameacha kumsemesha. Walicheza kwa mikono, alimbeba mabegani, na hilo lilimtosha.

Leokadia aliitikia kwa kichwa kana kwamba amesikia jambo la kawaida. Alinakili kumbukumbu zote za kifaa cha mtoto, akawaaga mlangoni, akarudi mezani kwake.

*

Watu wa Mafinga walikiita kifaa kile konokono. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama gamba la konokono, na mtoto aliyezaliwa kiziwi alipofikisha miezi sita, madaktari walipitisha humo uzi mwembamba wenye ncha za umeme, ukagusa mshipa wa fahamu moja kwa moja. Nje, nyuma ya sikio, kilinata kidude cha ukubwa wa harage chenye maikrofoni. Katikati ya harage na uzi alikaa Mlezi.

Mlezi alikuwa programu ya kompyuta. Kabla yake, konokono walipitisha kila kitu: lori, mvua juu ya bati, redio ya jirani na sauti ya mama, vyote kwa mkupuo na kwa nguvu ileile. Watoto walilia, wakang'oa maharage, wengine wakakataa kuyavaa kabisa. Mlezi alikuja kuchambua. Alitanguliza sauti za watu, mvua akaileta kidogokidogo, radi akaipunguza nusu, na kisicho na maana akakitupa. Kila mwezi alilegeza mlango, na siku mtoto anatimiza miaka mitatu aliufungua wote akajiondoa. Tangu Mlezi aanze kazi, watoto wa konokono walisema maneno yao ya kwanza kwa wakati mmoja na watoto wengine, na wazazi walimtaja kwenye sala.

Kila alichokitupa alikiandika kwenye daftari la kumbukumbu. Daftari hilo halikuwa na msomaji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulalamika.

Leokadia alitafuta saa ya asubuhi ile. Saa tatu na dakika arobaini na mbili ilikuwa imeandikwa mara tatu mfululizo: *Sauti ya mashine. Haina faida. Imetupwa.*

Alirudi nyuma, siku baada ya siku. Tangu Lusungu awashiwe kifaa chake, sauti hiyo ilikuwa imetupwa mara elfu tisa na mia mbili. Miezi ya mwanzo ilitupwa mara arobaini kwa siku. Kisha ishirini. Kisha tano. Mwezi uliopita, kwa mwezi mzima, ilitupwa mara kumi na moja tu. Mbele ya macho yake, ndani ya daftari la mashine, mtu mzima alikuwa akinyamaza taratibu nyumbani kwake.

Lakini kilichomfanya aweke mikono mapajani akakaa bila kugusa kitu ni yale maneno mawili, *haina faida*. Aliyatambua. Aliyachagua yeye. Miaka minane nyuma aliketi na wahandisi waliokuwa wakimtengeneza Mlezi, na walimuuliza watofautisheje sauti ya mtu na kelele. Mafinga ni mji wa viwanda vya mbao, na wakati ule watoto waliokuwa wakimtoa machozi ni wale walioishi karibu na misumeno. Akawaambia watafute ule mtikisiko wa kawaida wa nyuzi za kooni. Sauti yenye mkwaruzo isiyo na mtikisiko huo ihesabiwe kuwa msumeno, itupwe. Wahandisi waliandika, wakamshukuru, wakanywa chai. Mle chumbani hakukuwa na mtu aliyemfikiria baba mwenye koo lililoungua.

*

Dakta Kaduma, mkuu wa kliniki, alisoma kurasa zile mara mbili, akavua miwani. Hakuwa mtu wa kuficha makosa, na Leokadia alilijua hilo. Ndiyo maana maneno yake yalimwia mazito.

Alisema imebaki miezi minane. Mtoto akitimiza miaka mitatu Mlezi atafungua mlango mwenyewe, na baba atasikika bila mtu kugusa kitu. Mtoto anaongea vizuri kuliko wote wa rika lake. Ukimfungulia leo, ubongo ambao haujazoea kelele utaangukiwa na kelele zote kwa pamoja. Alimkumbusha watoto wanne wa majaribio ya kwanza, waliofunguliwa ghafla wakapoteza maneno. Leokadia hakuhitaji kukumbushwa, aliwajua kwa majina, na mmoja wao hadi leo alikuwa akitafuta maneno kwa shida.

Leokadia naye akasema kwamba kusubiri nako kuna hatari yake. Ubongo wa mtoto hausubiri mtu. Hadi kufika miaka mitatu utakuwa umeshaamua sauti ya binadamu ni ipi, na huenda mkwaruzo wa Isdori ukabaki kuwa kelele kwake hata mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyejua kwa hakika. Halikuwa limewahi kupimwa.

"Unataka kumwambia," Dakta Kaduma alisema.

"Nataka."

"Na ukishamwambia, akachagua kusubiri, umempa nini? Leo anaamini mtoto wake ni wa mama tu. Amezoea. Kesho ataamka anajua kwamba ni sisi, na bado hatasikika."

Leokadia aliomba siku moja. Siku hiyo aliitumia kupekua madaftari ya watoto wote mia mbili na kumi na wanne wa kliniki, na jioni, kabla walinzi hawajafunga geti, alirudi na orodha. Nyumba kumi na tisa, ya akina Nyenza ikiwemo, zilikuwa na mtu ambaye Mlezi alimtupa. Palikuwa na bibi aliyepooza nusu ya uso. Palikuwa na mjomba aliyefanyiwa upasuaji wa koo. Na palikuwa na akina mama watatu ambao wao wenyewe ni viziwi, walioongea kwa namna waliyojifunza bila kusikia. Watoto wao walizisoma ishara za mikono yao, lakini kila neno lililotoka vinywani mwa mama hao liliishia kwenye safu ya misumeno.

Dakta Kaduma aliisoma orodha jina kwa jina. Mwishowe alisema uamuzi huu si wa kliniki, ni wa wazazi, na waanze na nyumba moja. Leokadia alitoka ofisini mwake akiwa mwepesi kidogo, ingawa lililo gumu zaidi lilikuwa bado.

*

Alikwenda Jumamosi alasiri. Edina alimkaribisha kwa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na Lusungu akamletea kiatu kimoja kimoja kumwonyesha. Leokadia alisubiri mtoto aende kucheza uani na jirani, kisha akasema yote bila kuzunguka: kwamba Lusungu hajawahi kusikia sauti ya baba yake hata mara moja, kwamba sababu ni Mlezi, na kwamba lipo jambo linaloweza kujaribiwa lakini hawezi kuwaahidi kitu.

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Isdori na hakukipeleka mdomoni.

"Kwa hiyo haniogopi," alisema.

"Hakuogopi, Baba Lusungu. Hajawahi kukusikia."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akainuka akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona amechuchumaa kando ya lori lake, akikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Edina hakumfuata. Alimgeukia Leokadia, akamuuliza ni nani aliyeiagiza mashine iite sauti ya mume wake msumeno.

"Ni mimi, Mama Lusungu. Miaka minane iliyopita."

Alitegemea kufukuzwa. Badala yake Edina akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Alisema kwa karibu miaka miwili amekuwa akimtazama mume wake akiingia ndani, akimwita mtoto, na mtoto akimpa mgongo. Alisema kuna siku alimchapa Lusungu kidole kwa jambo hilo. Alisema ameomba sana mtoto ampende baba yake, na kumbe mtoto hakuwa na kosa. Hapo akalia, na Leokadia akakaa pale pale alipokuwa, kwa sababu aliona kukimbia kungekuwa kosa la pili.

Isdori aliporudi alikuwa na uamuzi wake. Aliwataka waache. Mtoto anaongea, anaimba, shuleni ataenda na wenzake. Yeye amezoea kutumia mikono, na miezi minane si mingi. Ikiwa kuna hatari hata kidogo kwamba maneno ya mtoto yatapotea, basi sauti yake yeye haina thamani hiyo.

"Hilo ndilo ambalo mashine imesema," Edina alimjibu. "Na wewe unalirudia."

Ndipo Leokadia akaeleza alichokuwa amekipanga. Hawatamwondoa Mlezi, watamfundisha. Kila siku kwa saa moja, katika chumba kilichotulizwa, mlango utafunguliwa wote. Isdori atampakata mtoto, atasema neno, na Edina atalirudia neno lilelile papo hapo kwa sauti ambayo Mlezi anaifahamu. Sauti mbili zikitembea pamoja siku nyingi, Mlezi anaweza kukubali kwamba zote ni za watu. Kifaa cha Lusungu kitatengwa na vya wenzake ili kosa, likitokea, lisiwaguse. Na siku yoyote watakayosema basi, ataufunga mlango saa ileile.

Isdori aliuliza atasema nini kwa saa nzima. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoongea saa nzima na mtu yeyote.

"Mwambie unachokijua," Edina alisema.

*

Siku ya kwanza Lusungu alilia dakika nane na kung'oa harage. Siku ya pili alilia zaidi, kwa kuwa alishajua kinachokuja. Walikuwa wameegemeza magodoro madirishani na kuzima friji, lakini kwa mtoto ambaye dunia yake ilikuwa imepigwa pasi tangu uchanga, hata nguo ya baba yake ikisuguana na kiti ilikuwa tufani. Isdori alimpakata, akamtajia vitu alivyovijua: gia, breki, turubali, msonobari, mkaratusi, mteremko. Edina alirudia kila neno. Leokadia aliketi mlangoni akitazama mistari ya kishikwambi chake.

Kufikia siku ya sita Lusungu alikuwa amepunguza maneno. Aliitwa na jirani, naye akatazama tu. Ile "mimi hapa" yake haikusikika siku nzima, wala siku iliyofuata. Isdori alimpigia simu Leokadia, akamwambia kwa mkwaruzo wake kwamba inatosha, afunge. Leokadia alisema atafunga, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kioo cha kishikwambi. Alimwomba kitu kimoja tu, amweleze mtoto yukoje saa ile. Isdori akasema amelala kifuani kwake. Akasema saa ya leo iliisha nusu saa iliyopita na bado hajataka kushuka, wala harage hajaling'oa.

"Nifunge?" Leokadia aliuliza.

"Tumpe mpaka Jumapili," Isdori alisema.

Jumapili Lusungu alirudisha maneno yake, machache kwanza, kisha yote, na juu yake jipya moja ambalo hakuna mtoto wa rika lake aliyelihitaji: *turubali*. Leokadia alipopigiwa simu kuambiwa hilo alikaa kwenye ngazi za kliniki. Hakuwa amelala vizuri tangu siku ile ya vibao.

Siku ya kumi na mbili daftari la Mlezi liliandika jambo ambalo Leokadia hakuwahi kuliona: *Haijulikani. Isubiri.* Likaandika hivyo siku nne. Siku ya kumi na saba, saa kumi na dakika tano za jioni, palikuwa na neno moja.

*Mtu.*

Alilichapisha kwenye karatasi, akalipeleka kwa Dakta Kaduma bila kusema kitu. Mzee yule alilisoma, akafungua droo, akatoa barua kumi na nane alizokuwa ameshaziandika kwa mkono wake kwenda kwa familia nyingine. Kila moja ilianza kwa kukiri kosa kabla ya kueleza njia. Alikuwa akisubiri neno hilo ili azitie sahihi, na alizitia zote palepale, huku Leokadia akipuliza wino ukauke. Walikubaliana kwamba barua za wale akina mama watatu zisitumwe. Leokadia atakwenda mwenyewe na mkalimani wa lugha ya alama, kwa sababu wao wana haki ya kuuliza maswali ambayo karatasi haiwezi kuyajibu, na pia wana haki ya kusema kwamba mikono yao inatosha.

Lakini daftari lilijua tu kwamba Mlezi amepitisha sauti. Kama mtoto ameipokea, halikuweza kusema.

Leokadia alifika kwa akina Nyenza siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi. Walikuwa wanajiandaa kwenda Iringa kwa shangazi yake Edina, na nyumba ilikuwa kwenye hekaheka ya safari. Edina alikuwa anafunga kikapu. Lusungu alikuwa amekaa sakafuni, ameipa sebule mgongo, anamvua mdoli wake nguo kwa bidii kubwa. Isdori alitokea chumbani akiwa ameshika soksi ndogo mbili. Hakumwona Leokadia mlangoni. Hakuwa anajaribu chochote; alikuwa baba anayechelewa safari.

"Lusungu, njoo uvae soksi," alisema.

Mtoto hakugeuka. Mdoli alivuliwa mkono mmoja, kisha wa pili.

"Sitaki," Lusungu alisema.

Edina aliacha kikapu. Isdori alibaki amesimama, soksi zikiwa mkononi, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali ambapo hamjui mtu.

"Unasemaje?" aliuliza.

"Sitaki, baba. Zinawasha."

Alikuwa bado amewapa mgongo, kichwa chini, akihangaika na kifungo cha mdoli. Isdori alivuta kiti akaketi taratibu. Alitazama zile soksi, akazigeuza ndani nje kutafuta uzi uliokuwa ukimwasha mwanawe, macho yakiwa yamejaa maji kiasi kwamba hangeuona hata kama ungekuwepo. Kisha akaanza kubishana naye, kwa ile sauti yake ya gunia, kwamba Iringa kuna baridi, na Lusungu akamjibu kwamba hakuna, na safari yao ikachelewa sana.